Kura ya Mstari wa Pili

Jumatatu, 8 Juni

Leo nimemwona Mzee dirishani. Ndevu zimefika kifuani! Baba wa kinyozi! Wateja wakijua, nafunga saluni. Nikamwonyesha wembe kupitia kioo, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alikuwa seremala. Vumbi la mbao limemwachia mapafu ya kuazima. Nikajikuta nimerudi nyuma, kana kwamba kioo nacho kinaambukiza.

Anayekaa naye ni dada yangu mkubwa. Tunamwita Waziri – hakuteuliwa na mtu, alijiteua mwenyewe. Tangu ugonjwa uingie, anayekanyaga chumba cha Mzee ni yeye peke yake. Leo katangaza sharti jipya: anayetaka kuingia apimwe damu, aonekane ana kingamwili. Yaani ameshaugua, amepona, mwili umejua kujilinda. Kayasoma kwenye simu. Wewe unashika vichwa vya watu kutwa, kaniambia, kwa hiyo ama umeshaugua ama unaugua sasa hivi. Inauma kushindwa na Waziri!

Alijaribu kumpunguza Mzee ndevu kwa mkasi wa jikoni. Mzee kamwambia afadhali azikwe nazo. Hataki mkono mwingine ila wangu.

Nimemkumbuka baba yangu. Basi.

Jumanne, 9 Juni

Hospitali kubwa. Foleni ya kuulizia foleni. Mwishowe nimefika kwa mama wa maabara, miwani yake imejaa ukungu kwa sababu ya barakoa. Kipimo cha kingamwili kipo, kasema, ila si cha umma, ni cha utafiti. Nikamwambia mimi si umma, ni kinyozi. Hakucheka.

Lakini kanieleza taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto viatu. Kipimo kinaweza kuona kingamwili ambazo hazipo. Kinaweza pia kutoziona zilizopo. Na hata zikiwapo, bado haijulikani zinamlinda mtu kiasi gani wala kwa muda gani. Sasa kinafaa nini? nikauliza. Hicho ndicho tunachotafiti, kasema.

Nje ya geti fundi simu anauza vipimo hivyohivyo! Vimepangwa katikati ya chaja na makava. Anatoa na garantii. Ya kipimo au ya kingamwili, hakusema.

Jumatano, 10 Juni

Kumbe mji mzima umeshapimwa, nimebaki mimi. Wakala wa bima kavua barakoa kabla hata hajakaa kwenye kiti. Anazo, anasema, kapimwa duka la miwani. La miwani! Unasoma herufi ukutani, ukimaliza unatobolewa kidole. Nikamwomba avae hata hivyo, akaniangalia kama niliyemtukania mama. Aliyemfuata kapimwa mara mbili siku moja: asubuhi anazo, mchana hana. Kachagua majibu ya asubuhi, maana mchana alikuwa amechoka.

Nimewacheka wote mpaka wa mwisho. Halafu nikafunga saluni mapema, nikaenda duka la dawa.

Mfamasia kanipa pakiti yenye vipimo viwili. Vinaaminika? Vinanunuliwa sana, kasema.

Ijumaa, 12 Juni

Siku ya historia!

Jana niliogopa. Leo nimejitoboa. Mimi ninayepitisha wembe kwenye makoo ya watu, sindano ya kidole imenitoa jasho. Kinyozi hajinyoi, walisema. Tone la damu, matone ya maji, subiri. Mstari wa kwanza ukatokea – maana yake kipimo kizima. Ukitokea na wa pili, ninazo.

Wa pili ulitokea. Au haukutokea. Mke wangu kasema upo ukiinamisha kichwa. Nikainamisha. Upo ukitaka uwepo. Tukawasha tochi ya simu, tukazima taa, tukawasha taa. Nikapiga picha, nikatuma kundi la familia.

Vurugu! Shemeji kaongeza mwanga kwenye picha, mstari ukaja. Binamu kaupunguza, ukaondoka. Baba mdogo kauliza mstari gani, maana yeye anaona kidole tu. Ndipo Waziri akaandika, kwa herufi kubwa: TUPIGE KURA. Wanaouona, dole juu. Wasiouona, dole chini. Shangazi kapiga kwa simu zake zote mbili, hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mstari umeshinda! Nina kingamwili kwa wingi wa kura.

Yule mama wa maabara kanijia kichwani na miwani yake ya ukungu. Nikamfukuza. Nimecheza jikoni na mke wangu.

Jumamosi, 13 Juni

Nimenoa wembe. Nimefua taulo. Kesho!

Jumapili, 14 Juni

Naandika nikiwa jikoni kwa Mzee. Mambo yameharibika – au yametengemaa, sijui.

Nimefika na mkoba wa kazi, kipimo nimekifunga kwenye leso kama pete ya posa. Waziri kanipokea mlangoni. Kaniuliza kama kipimo hiki ni cha kweli. Nikaapa. Nikamwambia ni cha duka la dawa, si cha fundi simu, na familia nzima imekithibitisha.

Mzee kasikia toka ndani. Akataka naye apimwe, mbona yeye anabaguliwa. Waziri kamwambia hana haja, hajatoka humo chumbani tangu ugonjwa uanze. Mzee kasema ndiyo maana anataka, raha ya kushinda bila kushindana. Pakiti ilikuwa na kimoja kilichobaki. Waziri akaingia nacho.

Akatoka amekishika kwa vidole viwili. Mistari miwili. Haikuhitaji tochi. Ya Mzee imekolea, imenyooka, kama ya penseli ya seremala. Mimi domo kaya, nilishapiga picha na kuituma kundini kabla sijafikiri. Hakuna aliyeweka dole, hata Shangazi.

Maana anayeingia kwa Mzee ni mmoja tu.

Mzee yeye anacheka huko kitandani, anamwambia Waziri: "Ile wiki uliyosema una mzio wa vumbi, mwanangu, na mimi nilikuwa na mzio huohuo. Nikadhani ni wa ukoo."

Nilifurahi. Acha niandike ukweli, nilifurahi mpaka nikauma ulimi. Waziri kapatikana! Halafu nikaiona mikono yake. Imechubuka kwa sabuni. Godoro lake liko sakafuni nje ya mlango wa Mzee, amelala hapo muda wote huu ili amsikie akikohoa. Akakaa juu ya godoro lile, wala hakuniamrisha chochote. Sijawahi kumwona dada yangu bila amri mdomoni. Nikaogopa.

Nikamwambia naenda kuchemsha maji ya taulo.

Kanifuata sasa hivi hapa jikoni, analia.

"Mdogo wangu, uliapa. Ni cha kweli?"

Nikisema ni cha kweli, naingia, namnyoa baba yangu. Na Waziri ndiye aliyemletea ugonjwa. Ataubeba mzigo huo mpaka kaburini, na Mzee huko anacheka. Nikisema ni takataka, namtua mzigo – na changu kimetoka pakiti hiyohiyo, kwa hiyo nakunja mkoba narudi nyumbani, na Mzee na ndevu zake. Na ule ukweli wa mama wa maabara, kwamba huenda ikawa hivi au vile, nani anaweza kumpa mtu anayelia?

Nimemwambia asubiri, maji yachemke kwanza.

Yamechemka zamani. Kifuniko cha sufuria kinarukaruka. Mzee anaita, kinyozi yuko wapi, ameshakaa kwenye kiti, ameshajifunga shuka shingoni. Waziri hajaondoka. Amesimama hapa mlangoni, ananitazama mdomo, na mimi naandika, naandika, ili nisimjibu, nisi –