Raba za Sitini na Nane

Baba Wakesho, mume wangu,

Jumamosi wanakuja kukuwekea msalaba wa saruji. Ule wa mbao umeanza kuliwa na mchwa upande wa jina lako. Kaka yako Shako amepanga kila kitu: mchungaji, hema, viti, sufuria za kuazima kanisani. Juzi alisimama mlangoni, akakataa kuingia, akaniambia, "Shemeji, yule fundi Mwadime asikanyage hapa. Nikimwona nitamtoa mbele ya watu." Nilinyamaza. Nimenyamaza mwaka mzima, na leo nimechoka kunyamaza. Barua hii ni yako, lakini nataka isikike na kila mtu atakayekuja kukuombea.

Unajua watu wa Wusi walivyoliita lori lako. Waliliita Kimanga, kama chakula chetu cha ndizi na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka hujui kipi ni kipi. Hawakukosea. Chesisi na ekseli ya mbele zilikuwa za mwaka wa sitini na nane, za lori lililobeba katani Mwatate kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Ekseli ya nyuma ilikuwa ya sabini na tano. Uliitoa kwenye lori lililokuwa linaozea Mbololo, kuku wakitaga ndani ya kebini. Kebini yetu yenyewe ilikuwa ya sabini na mbili, mlango wako bluu, wangu kijani. Ukipita dukani wazee walikupigia kelele, "Kimanga! Leo uko mwaka gani?" Nawe ulitoa kichwa dirishani: "Mbele babu, nyuma mjukuu, na wote wanakunywa dizeli!"

Mlango wangu wa kijani haukuwa na kishikio kwa ndani. Kila tulipofika, ilibidi ushuke, uzunguke, unifungulie. Mara ya kwanza uliponipeleka Voi, wanawake wa sokoni waliacha kupanga nyanya wakatutazama. Mmoja akasema, "Huyu amepata mume wa kizungu." Nilishuka polepole kama bibi harusi, sikuwaambia habari ya kishikio. Baadaye ulipata kishikio, ukakiweka kwenye droo. Ulisema huna haraka nacho. Bado kipo.

Kila ulipoleta spea nilikuwa naiandika kwenye daftari la shule la Wakesho, lile alilolimaliza nusu. Ni spea gani, imetoka wapi, ni ya mwaka gani. Binti yetu alijifunza kusoma sitini na nane na sabini na tano humo kabla mwalimu hajafika huko. Nawe ulikuwa na sheria moja, uliirudia mpaka tukawa tunaisema pamoja: "Mama Wakesho, dukani taja mwaka wa spea, si mwaka wa gari. Gari haina mwaka."

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Siku ile nilikuwa nimeshuka Voi kwa mambo ya chama cha akina mama. Ukanipigia simu: breki za nyuma zinavuja, raba zimekatika, ninunue nyingine kwa sababu kabichi za watu zingepakiwa kesho yake. Daftari lilikuwa nyumbani. Jua lilikuwa kali, viatu vilinibana, na gari la mwisho la kupanda mlimani lilikuwa linajaa. Mwenye duka akauliza, "Gari ya mwaka gani, mama?"

Nikasema, "Sitini na nane."

"Una uhakika?"

"Mimi nimeolewa na hiyo gari," nikamwambia, "nitakosea vipi?"

Tukacheka wote wawili. Akazifunga kwenye karatasi, nikatoka mbio.

Sitini na nane ni mbele. Breki zilizovuja zilikuwa za nyuma, za sabini na tano. Nilitaja mwaka wa logbook, ule ulioandikwa kwenye cheti cha gari, kama mtu asiyekujua.

Kesho yake fundi Mwadime alipanda asubuhi, mkazifunga hizo raba nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Niliwaletea vikombe viwili na viazi vitamu, ukachukua kiazi kwa mkono wenye grisi, nikakugombeza. Ukaondoka na kabichi. Katika kona ya tatu kabla ya kufika Mwatate breki zilikataa, ukaliegemeza lori kwenye ukingo wa mlima ili lisiende bondeni. Upande wa bluu ndio uliogonga. Mlango wa kijani haukupata hata mkwaruzo.

Nililijua kosa langu kabla hatujakuzika. Usiku wa matanga nilitafuta kitabu cha sala kwenye kabati, nikakuta daftari, na likafunguka pale pale. Raba, nyuma, sabini na tano. Mwandiko wangu. Nikalifunga, nikalirudisha chini ya shuka. Shako alipoanza kusema fundi ndiye aliyekuua, sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba ni maneno ya msiba, yatapoa.

Hayakupoa, Baba Wakesho. Watu waliacha kumpelekea magari. Gereji yake ya Mwatate, pale mlipokuwa mnabishana mchana kutwa juu ya boliti moja, ameifunga. Siku hizi anaziba pancha za pikipiki kando ya barabara. Mkewe alinikuta sokoni akanisalimia, nami nikajifanya naangalia bei ya dagaa. Hilo nalo nilifanya.

Shako aliposema atamtoa mbele ya watu, nililala nikiona msalaba wako mpya umesimama juu ya uongo wangu. Jumanne nikachukua daftari, nikashuka Mwatate.

Nilimkuta fundi amechutama na tairi ya pikipiki. Aliponiona alifuta mikono, akageuza ndoo, akaipangusa. "Karibu, Mama Wakesho. Kiti cha wageni kiko safari." Bado anatania. Sikuketi. Nilifungua daftari, nikamwonyesha, nikamwambia yote kwa mara moja kama mtu anayetapika. Duka, sitini na nane, kile kicheko changu.

Hakushtuka. Akasema, "Nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Nilipozivalisha zilicheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye gambuti ya baba yake. Nikamwambia, mzee, hizi ni za mbele. Akasoma risiti ya duka, akacheka. Akasema, 'Mama Wakesho ametaja mwaka wa logbook.'"

Kicheko hicho nilikisikia. Nilikuwa jikoni, hatua kama ishirini hivi. Nilidhani mnachekea mambo yenu.

"Nikamwambia nikuite uone," fundi akaendelea, "akanishika mkono. Akasema, 'Acha. Jana amerudi na miguu imevimba. Akijua atashuka tena Voi na jua hili, na atajiona mjinga wiki nzima. Funga tu. Nikifika Voi nitazibadilisha mwenyewe.' Tulijaribu breki hapo uani. Ukipampu mara mbili zilishika. Nilikubali, shemeji. Mimi ndiye fundi, na nilikubali. Hilo ni langu, sitalikimbia."

Nikamwuliza kwa nini mwaka mzima ameacha aitwe muuaji, na risiti aliiona.

Akaangalia tairi yake. "Aliniambia nisikwambie."

Nilikaa kwenye ile ndoo. Alifanya kazi yake, akaziba pancha, mwenye pikipiki akaja akaondoka. Kisha nikainuka kurudi.

Tangu Jumanne siwezi kukusamehe, na siwezi kuacha kukuombea. Najua namna ulivyonihurumia. Uliponifungulia mlango, uliponificha habari ya mahindi yaliyoliwa na tembo mpaka nilipojifungua Wakesho, uliposema chakula kina chumvi ya kutosha na kumbe sikutia kabisa. Nilipenda yote hayo. Lakini siku ile ulinihurumia nikiwa hatua ishirini tu, na chai mkononi. Ungeniita. Ungesema, "We mwanamke, umetaja mwaka wa logbook!" Ningeona haya, ningelia kidogo, ungenitania mpaka Krismasi. Ningeshuka tena Voi na miguu yangu iliyovimba. Kabichi zingenyauka, akina mama wangetusema. Basi. Si ndiyo maisha yetu yalivyokuwa siku zote?

Na mimi nilimfanyia fundi wako vile vile, kwa kunyamaza. Yeye alilinda aibu yangu kwa sababu ulimwomba. Mimi niliilinda kwa sababu niliogopa. Sijui namna ya kumlipa mtu aina hiyo ya kitu.

Jana jioni, kabla giza halijaingia, nilimwita Shako, nikamsomea barua hii mpaka hapa nilipokuwa nimefika. Hakuniacha hata nikunje karatasi. Alisimama, akasema, "Kwa hiyo ni wewe." Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi, na ni fundi, na ni ndugu yako mwenyewe, sote watatu tulizifunga zile raba." Akaondoka na chai yake haijaguswa. Sijui kama Jumamosi atakuja. Sijui kama atanisalimia tena. Wakesho alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amesikia kila kitu. Alikuja akakaa karibu nami, hakunishika, hakuniacha. Baadaye akauliza tu, "Mama, Baba alicheka kweli?" Nikamwambia kweli.

Nimemtuma asubuhi hii Mwatate kumwambia fundi Mwadime kwamba kiti chake kiko mbele, kati yangu mimi na yeye Wakesho. Asipotaka kuja nitaelewa. Akija, nitaisoma barua hii kwa sauti kabla mchungaji hajafunua msalaba, na atakayetaka kuondoka ataondoka huku akijua ukweli.

Lala, Baba Wakesho. Bado nina hasira nawe, na nitakuja nayo Jumamosi, sina mahali pengine pa kuiweka.

Ni mimi mkeo niliyekosea mwaka,
Mama Wakesho