Kikombe kwa Mikono Miwili

Kisii, 4 Machi 1974

Dada Nyaboke,

Mimi ni mzima. Natumaini nyote Ekerenyo mna afya na chai inachumika. Je, mwanao Mokeira amepimwa? Ana miaka sita, na mkono wake wa kulia haujawahi kufunga kifungo. Kliniki inayofundisha watoto kazi za mikono imebakiza nafasi mbili tu mwaka huu. Nijulishe.

Nduguyo,
Onchiri

Ekerenyo, 11 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila ng'ombe anakohoa. Tulipimwa Ijumaa. Mtaalamu wa kliniki alimwambia Mokeira, "Niletee kile kikombe." Akakileta bila kumwaga tone, kikombe kikiwa katika kiganja cha kulia, mkono wa kushoto ukiubeba ule wa kulia, kama nilivyomfundisha kumpa mtu mzima kitu. Bwana akacheka. "Mama, huyu ana adabu, na mkono ni mzima." Akaandika: hahitaji. Wamama wa foleni walinisifu nami nikafurahi, nisikufiche. Jioni mtoto akashindwa kushika kijiko.

Dada yako

Kisii, 15 Machi

Dada,

Nakusalimu, ingawa hamu ya kuuliza hali imenitoka. Bwana huyo amesomea mikono miaka mitatu na bado hawezi kuhesabu miwili. Alipima malezi yako, si mkono wa mtoto. Cheti chake kingefaa kufungia karanga sokoni Kebirigo. Nawe ukanyamaza kwa kuwa wamama walikusifu? Sifa zao hazitamvisha Mokeira gauni. Nimemwandikia bwana huyo kurasa nne kumweleza tofauti ya kutazama na kuchunguza. Mkabidhi. Akiwa na chembe ya aibu, atampima upya.

Nduguyo,
Onchiri

Ekerenyo, 29 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Bwana alisoma ukurasa mmoja, akanirudishia zote nne. "Msomi huyu na aje ampime mwenyewe." Akaita mtoto mwingine, na nafasi moja ikaenda nikiona.

Jumatano nilirudi bila barua. Nikamwomba aagize kikombe tena, nami nikaushika mkono wa kushoto wa Mokeira nyuma ya mgongo. Kikombe kikaanguka juu ya viatu vya bwana. Akaukunjua mkono wa kulia kidole kwa kidole, akaandika upya. Tunaanza Jumatatu.

Mokeira alilia njia nzima. Anasema nimemfanya amdharau mtu mzima, na tangu siku hiyo hataki kuniangalia. Njoo Jumapili umweleze. Mimi nimeshindwa, na wewe sijui kama utaweza.

Dada yako,
Nyaboke