Nyumba Niliyoijenga Uingereza kwa Mdomo

Birongo, Kisii
3 Juni 1956

Kwako mshauri wa gazeti,

Mimi si mtu wa kuombaomba, tangu nizaliwe nimeomba mara moja tu, huko Burma wakati wa vita, nilimwomba chatu anipishe njia akanipisha, na leo naomba mara ya pili, nakuomba wewe unisaidie, maana kilichonishinda safari hii si chatu, ni karatasi moja ya bluu ya barua ya ndege kutoka Uingereza, ambayo iko katika mfuko wa koti langu hapa ninapoandika, na kila nikipita kwa kaka yangu naona kama inapiga kelele.

Jina langu usilichapishe, na ya wenzangu yageuze. Nina miaka arobaini na sita, nilisoma misheni mpaka darasa la tatu, wangeniongezea mwaka mmoja ningewafundisha wao. Kaka yangu mkubwa, Mogire, hakusoma, wala mkewe Bosibori, kwa hiyo barua yoyote inayoingia boma lile naisoma mimi na inayotoka naiandika mimi, na watu wote wa hapa wanajua hivyo.

Sasa mwaka jana kanisa letu lilifanya mpango wa kubadilishana vijana, yaani Waingereza watupe mmoja wao aje kufundisha hesabu katika shule yetu miaka miwili, na sisi tuwape mmoja wetu akasomee ualimu kwao, na kila mmoja akae kwa wazazi wa mwenzake. Huyo mmoja wetu ni Onchiri, mtoto wa kaka, na wao wakatuletea Leonadi, kijana mrefu, mweupe kama ua la pareto, ambaye anacheka kila akisalimiwa.

Onchiri akaanza kuandika, kila mwezi barua moja, nami Jumamosi baada ya ibada, maana sisi ni Wasabato, nakaa barazani kwa Mogire nasoma, na watu wanakuja, kwanza watano, kisha ishirini, hata Wakatoliki. Mshauri, mambo ya huko ni ya ajabu! Anasema asubuhi maziwa yanaachwa mlangoni katika chupa na hakuna anayeiba. Kaka akasema, "Basi hiyo nchi haina watu." Anasema ndani ya treni wanakaa wameelekeana, magoti karibu yagusane, kila mtu amejificha nyuma ya gazeti, hakuna salamu. Bosibori akauliza, "Wamegombania nini?" Nikajibu wamegombania mpaka wa shamba, maana sikuona sababu nyingine. Anasema mwezi wa tano jua linakataa kutua, saa tatu usiku watu bado wanapalilia maua, na si maua ya kuuza, ni ya kutazama tu. Hilo la jua sikuliongezea kitu, lilikuwa limeshatosha.

Maana nakiri kwako, mengine nilikuwa naongeza. Onchiri anaandika kama mwalimu, maneno makavu, nami namtilia mafuta kidogo, akisema daraja, nasema daraja ambalo ng'ombe aliingia akiwa ndama akatokea ng'ambo ana mimba. Watu wanafurahi. Kuna ubaya gani? Mimi mwenyewe nimeona mvua ya Burma inayonyesha kutoka chini kwenda juu, ningesoma ya Onchiri makavu wangesema mtoto amenizidi.

Lakini barua ya pili ilikuja na jambo jingine. Wewe huenda si Mgusii, kwa hiyo nikueleze. Kwetu kijana akishatoka jandoni halali tena chini ya paa moja na baba na mama, anajengewa nyumba yake ndogo uani, inaitwa esaiga, na baba haingii humo, wala kijana haingii wanapolala wazazi, wala hawaonani wakiwa nusu nguo. Hiyo heshima tunaiita chinsoni, na anayeivunja wazee wanamchinjia mbuzi wa kumtakasa. Sasa Onchiri akaandika kwamba baba Leonadi na mama Leonadi wamempa kitanda cha Leonadi mwenyewe, ndani ya nyumba yao, ghorofani, ukuta kwa ukuta na chumba chao! Kwamba anamsikia mzee akikoroma. Kwamba asubuhi alimkuta mzee amevaa fulana na suruali tu, ananyoa ndevu mlango wazi, na mzee hakushtuka, akamwambia, "Ingia kijana, nimebakiza shavu moja." Kwamba jioni mzee huyo huyo anafunga aproni na kuosha vyombo, na anataka Onchiri amwite Haroldi, jina lake, kama mbwa wa jirani. Na mwisho akaandika, "Baba, sijui nifanye nini, naomba neno lako. Nikae au nitafute pengine?"

Nilifika hapo mbele ya watu ishirini na wawili, Mshauri, na kaka yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, ameegemea mkono kusikiliza, mtu ambaye hata mimi ndugu yake nikipita akiwa anaoga mtoni anakohoa mara tatu. Ulimi ukateleza. Nikasoma, "Na hapa wamenijengea esaiga yangu nyuma ya nyumba, ina madirisha mawili ya vioo."

Kaka akasimama. "Wamemjengea? Wazungu wanaijua heshima hiyo?"

Nikasema, "Wanaijua, niliwaona kwa macho yangu Burma."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Leonadi alikuwa bado anakaa misheni akingoja kupangiwa. Kaka akasema hatuwezi kushindwa na watu wasio hata na nyasi za kuezekea, akakata miti yake mwenyewe, akamjengea Leonadi esaiga yenye madirisha mawili, nyasi mpya, mlango wa mbao, hakuna kijana hapa mwenye nyumba kama ile. Bosibori anakandika sakafu kwa mkono wake kila Ijumaa, na jioni anampelekea ugali wa wimbi na mboga za chinsaga katika kapu, anaweka mlangoni, anaondoka kwa heshima. Kaka haingii kabisa. Anasema, "Nitaingiaje nyumba ya mwanangu?" Tena akaniamuru niandike barua ya kuwashukuru wazazi wa Leonadi kwa nyumba waliyomjengea Onchiri, nami nikaandika vizuri sana, nikayataja na madirisha. Na lile swali la Onchiri nikalijibu mimi chini kabisa, kwa jina la baba yake: "Kaa hapo hapo mwanangu, nimekubali."

Basi ndiyo karatasi hii ya bluu. Onchiri anasema Leonadi amewaandikia wazazi wake kwamba watu wa Birongo ni wema lakini wamemtenga, analala peke yake kibandani uani, chakula analetewa mlangoni, na mwenye nyumba hajawahi kukanyaga ndani. Mama Leonadi amelia. Akasema, "Mimi nimempa mtoto wao kitanda cha mwanangu, wao wamemtoa mwanangu nje?" Tena barua ya shukrani ilipofika Onchiri akawatafsiria bila kufikiri, mama akauliza, "Nyumba gani hiyo? Wananicheka kwa kuwa nyumba yangu ni ndogo?" Amewaomba watu wa kanisa wamrudishe Leonadi shule zikifungwa mwezi wa nane, na Leonadi akirudi mpango umekufa, Onchiri naye anapanda meli, na cheti chake cha ualimu bado mwaka mzima.

Onchiri anasema angemweleza mama huyo habari ya esaiga, lakini hawezi kuieleza bila kumwambia kwamba kitanda alichompa kwa upendo, kwetu ni aibu. Ameandika, "Baba, ulisema nikae, lakini maneno yale hayakuwa na sauti yako. Nyumba gani unayoishukuru? Naomba neno lako mwenyewe."

Nimemwambia kaka ndege ya barua imekwama kwa sababu ya mawingu. Bosibori akanitazama, akasema, "Shemeji, mawingu ya wiki mbili?" Nilikwenda mjini Kisii nikamwambia Warsame, rafiki yangu mwenye mkahawa, akacheka mpaka akamwaga chai, akasema, "Wewe ulimshinda chatu, karatasi inakutoa jasho? Andikia gazeti, mzee, mimi nina wateja." Sasa nifanye nini? Nisome ukweli niwe kichekesho cha Birongo yote, na kaka aumie kwa aibu ya mwanawe? Au nisome vingine tena kidogo, nimalize kwa uzuri? Nimeshafikiria moja, kwamba nyumba ya Onchiri iliungua.

Ni mimi,
Baba mdogo mwenye mashaka


JIBU

Bwana wa Birongo,

Nyumba isiungue. Umeijenga kwa mdomo, ukiichoma kwa mdomo utatakiwa kueleza moshi.

Majina nimeyageuza kama ulivyoomba, ingawa sijui itakusaidia nini. Wenye kaka aliyemjengea Mwingereza nyumba ya madirisha mawili hapo kwenu hawawezi kuwa wengi. Chatu nimemruka. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya yule mzee wa aproni, maana nami napenda kujua watu wengine wanaishije, na ninaelewa kwa nini watu ishirini na wawili wanakaa barazani kukusikiliza. Una kipaji. Ungetunga hadithi zako mwenyewe tungekulipia stempu.

Lakini barua ya mtu si hadithi yako. Daraja ulilolirefusha halikumdhuru mtu, wala sitakuuliza habari zake. Swali la Onchiri ni jambo jingine. Kijana yuko mbali, amekutana na jambo ambalo hakufundishwa, akamuuliza baba yake, na wewe ukalikalia swali, kisha ukajibu kwa kinywa cha baba. Unasema ulikuwa unamkinga kaka yako na aibu. Nani alikuambia angeaibika? Huenda angekasirika. Huenda angesema, ukiwa kwa watu lala wanapokulaza. Huenda angetaja mbuzi, na mbuzi angesubiri mpaka mtoto arudi. Mimi sijui, wewe hujui, Onchiri hajui, ndiyo maana aliuliza. Anayejua ni Mogire peke yake, na wewe umemfanya mtu pekee asiyeulizwa katika boma lake mwenyewe.

Tena tazama ulichoficha! Nyumba mbili, moja huku na moja huko, kila moja imempokea mtoto wa mwenzake kama wake wa kumzaa. Mama Leonadi alimpa Onchiri kitanda cha mwanawe kwa sababu kwao mtoto analala ndani. Kaka yako alijenga uani na hakukanyaga humo kwa sababu kwenu mtoto anaheshimiwa hivyo. Watu wema wanne, na hawaelewani, kwa kuwa katikati yao amekaa mtu mmoja mwenye kalamu anayeogopa kuchekwa.

Basi utachekwa. Kubali. Utachekwa mpaka mavuno, kisha watapata mwingine.

Usingoje Jumamosi wala watu. Siku gazeti hili litakapokufikia, nenda kwa Mogire akiwa na mkewe tu. Bosibori asiachwe nje. Aliyeuliza habari ya mawingu ya wiki mbili ameshaanza kukujua. Chukua barua zote tangu ya kwanza. Kabla ya kufungua yoyote, sema, "Kaka, nilikusomea vingine, na nikajibu kwa jina lako." Useme hivyo, kwa maneno mafupi, bila Burma. Kisha soma neno kwa neno, pamoja na fulana, pamoja na kukoroma, pamoja na Haroldi. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikufukuza, ondoka, acha barua mezani, rudi kesho yake. Usimsaidie kukasirika wala kutokasirika.

Akiwa tayari, kabla ya barua yoyote, mwende wote wawili mpaka kwenye esaiga mkiwa na mwalimu wa shuleni anayejua Kiingereza. Mogire asiingie, asimame mlangoni kama baba anavyosimama, na mwalimu amweleze Leonadi kwa nini haingii. Kijana yule amekaa miezi akidhani amewekwa nje. Ana haki ya kusikia kwamba amewekwa ndani kuliko wewe. Na vijana wa rika lake hapo kwenu waanze kwenda kula naye jioni. Hilo nalo ni la esaiga, na nashangaa hakuna aliyelikumbuka. Leonadi akishaelewa amwandikie mama yake mwenyewe. Mama atamwamini mwanawe kabla ya kuniamini mimi au wewe.

Kisha barua ya kumjibu Onchiri. Kama kitanda kile ni aibu au si aibu, kama mama Leonadi aelezwe au afichwe, hilo ni la Mogire na Bosibori kuamua, na mwezi wa nane hauko mbali. Kaa chini, chovya kalamu, andika kile anachosema kaka yako. Akisema maneno matano, yawe matano. Ukimaliza msomee, na kama hana hakika nawe, na sasa atakuwa na sababu, mwalimu asome pia. Ukitaka kuomba radhi kwa Onchiri, omba chini, kwa jina lako mwenyewe.

Bahasha aifunge Mogire mwenyewe.