Anakitia Mfukoni Kabla ya Kukipima

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, nimechoka mpaka kuandika kwenyewe ni kazi. Mimi na mume wangu tuko maabara moja, yeye anabuni, mimi napima, na kifaa chenyewe ni vioo viwili vyembamba vyenye fuwele kimiminika katikati, jamii ya zile za skrini ya simu, ukizipa umeme zinageuka na kuchelewesha mawimbi ya mikrowevu kidogo, basi antena inayatuma upande mwingine yenyewe haijasogea, inageuza macho bila kugeuza shingo, na antena hiyo itafungwa kwenye magari ya wagonjwa ya huko milimani kwenye baridi, yapate kuongea na hospitali. Sasa mimi nikikitoa kabatini na kukipima, umeme ukikatwa fuwele zinajivuta kurudi mpaka unakata tamaa, akipima yeye zinarudi upesi, kisha ananiambia, "Mama watoto, mikono yako ina nuksi," wenzetu wanacheka, nami nacheka nao huku roho inaniuma, mpaka juzi nikamwona anakitoa mfukoni mwa shati, kumbe anashinda nacho kifuani kama yai kisije kikavunjika, kinapata joto la mwili, na joto ndilo linalozirudisha haraka! Nikamwambia tukipime kikiwa baridi, tabaka la fuwele lipunguzwe unene ili zirudi upesi hata kwenye baridi, akasema namwonea gere, tangu hapo anakula kimya na kulala akitazama ukuta, na kesho kutwa anataka nithibitishe vipimo vyake. Nikikubali namsaliti mgonjwa nisiyemjua, nikikataa nampoteza mume. Nifanyeje?

Mpimaji Hoi

Pole, mwanangu. Haya, pole imetosha. Ulimwambia wapi? Bila shaka palepale, mbele ya hao waliokuwa wakikucheka, na ukasikia raha kidogo. Usinikatalie. Ulichosema ni kweli, ila ulimwumbua.

Vipimo usithibitishe, hapo hatujadiliani. Gari likiwa huko kwenye baridi, antena ikachelewa kugeuka, muuguzi anaita hospitali hasikiki, utamwambia mgonjwa ulikuwa unalinda ndoa?

Mumeo si mwongo, anakipenda tu kitu chake kupita kiasi. Kesho asubuhi, wenzenu hawajafika, kitie kwenye friji ya maabara, kikipoa mwite akipime kwa mkono wake mwenyewe. Wewe vuta kiti, funga mdomo. Ole wako useme "si nilikwambia." Akinuna, mwache anune, atarudi polepole. Hilo la unene wa tabaka mwache alitamke yeye, wewe itikia tu.

Kisha nendeni nyumbani mkapumzike. Na akilala, mwanangu, chukua sindano, ushone mdomo wa ule mfuko wa shati.