Prefe Alitaka Nifundishe Kushona

Kasongo, siku ya Jumanne

Nina hasira sana. Leo prefe, mkuu mpya wa shule yetu, alikatiza somo langu la kemia mbele ya wanafunzi.

"Mama Zaina, wewe utafundisha kushona. Kemia iko kazi ya wanaume."

Kushona! Mimi niliyesomea kemia Kindu, nikafundisha Kabambare, nikatangaza redioni, nikauza dawa Salamabila shule ilipofungwa. Hata nje ya darasa niliikumbuka kemia, maana ndiyo ninayoipenda.

"Sitoki, Prefe."

Akamwita mwalimu wa michezo anipokonye chaki. Mwalimu akatikisa kichwa: "Hapana, Prefe. Hiyo ni chaki yake."

Nikaendelea kufundisha, prefe akiwa amesimama mlangoni. Huenda kesho atanifukuza, na ninaogopa. Lakini watoto wameelewa asidi ni nini.