Pua ya Shemeji

Dada Zuhura, salamu nyingi kutoka Kasulu, kwenye baridi na maharage matamu.

Mama mkwe amepasuliwa tena jicho lake moja lililobaki, kule Mwanza, na sasa tuko naye nyumbani. Mara ya kwanza kile kitundu kilichomtoboka ndani ya jicho, katikati, hakikuziba. Aliambiwa alale kifudifudi siku kadhaa ili kizibe, lakini kila mgeni akibisha hodi, yeye anainua uso. Huku kumsalimia mtu bila kumtazama ni kumdharau! Safari hii majirani wameamua wenyewe: anayeingia anakaa chini mkekani, amsalimie kutoka huko.

Jana akaja shemeji yake, mwalimu mkuu mstaafu, na suti yake na tai. Nikampa kiti, akakikataa. Akavua koti, akajilaza chali mkekani, pale mama alipoinamisha uso ukingoni mwa kitanda, akapiga makofi ya salamu hivyo hivyo amelala. Nilimvulia kofia mzee yule.

Miaka miwili mama alikuwa anaona nyuso zisizo na katikati. Akamtazama, akasema, "Shemeji, kumbe bado una pua."

Nimekukumbuka, dada, wewe na pua yako.

Mdogo wako, Saumu