Kwa Pati, Bondia Aliyerudishwa Kutoka Brisbane

Mwaka umetimia, Pati, tangu Jumapili ile uliposema, "Niacheni nijilaze kidogo, kichwa kinanigonga," ukalala pale barazani usiamke tena. Mawe ya tanuri yalikuwa bado ya moto. Mama alikuwa amekuwekea mafungu matatu ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, maana mawili hayajawahi kukutosha.

Wewe ndiye uliyewasha tanuri kila Jumapili, hata jicho likiwa limevimba. Ulikuwa na ngumi za kumwangusha mtu wa kilo tisini, lakini kuku alikushinda. "Dada, huyu ananitazama," ulikuwa ukisema, na mchinjaji nikawa mimi. Kila jioni ulimkanda mama miguu huku ukimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya kuliko zote kijijini. Mama akisema, "Mwanangu, Mungu anasikia," ulijibu, "Ndiyo maana naimba kwa nguvu, mama, asije akasema hakusikia." Siku hizi nyumba ni kimya mno.

Wengi wanakukumbuka kwa ngumi zako. Wengine wanakukumbuka kwa jambo jingine, na hilo ndilo lililonikalisha niandike. Gazeti hili hili, miaka mitatu iliyopita, lilikuita bondia mwongo kwa herufi kubwa. Jina hilo lilikufuata mpaka kaburini. Sikubali likae humo pamoja nawe.

Waliosahau, nawakumbusha. Ulikuwa na miaka kumi na tisa ulipompiga Ropati, mtoto wa Mama Fiapule, kwenye kriketi ya kijiji. Alikuwa amekutania mbele ya wasichana kwamba baba yetu alikufa amelewa. Ngumi moja tu, taya likavunjika, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo. Hukujitetea hata siku moja. Kesho yake alfajiri ukoo wetu mzima ulikwenda kuketi mbele ya nyumba yao kuomba msamaha, kama ilivyo desturi yetu, wewe ukiwa katikati, umefunikwa mkeka ule mwororo ambao bibi aliusuka miaka miwili. Jua likapanda. Hakuna aliyetoka. Nilikuwa nyuma yako, na nilijua wakitaka kukupiga mawe hatuna la kusema. Saa nne ndipo Mama Fiapule alipotoka, akauinua mkeka kwa mikono yake mwenyewe. "Inuka, mwanangu," akasema. "Yamekwisha. Njoo unywe chai."

Kwetu yakisha, yamekwisha. Mahakamani je? Hakimu alisema amesikia kwamba umesamehewa na kwa hiyo anakupunguzia, kisha akakupa miezi minane. Ukaitumikia yote. Humo gerezani ndimo ulimompata kocha Viliamu, askari magereza, aliyekuambia, "Kama lazima upige watu, wapige kwa sheria, mjinga wewe!" Alikuwa akikutukana hivyo hivyo siku ulipotwaa ubingwa wa visiwa vyetu, huku analia.

Kisha ukaitwa Brisbane kugombea mkanda wa Pasifiki. Miaka kumi na moja ulikuwa umeingoja siku hiyo. Fomu ya viza ikaja, kurasa tele. Wewe na kalamu mlikuwa hamjuani, kwa hiyo mwenye kuijaza nikawa mimi, mwalimu wa darasa la tatu, baba mkubwa Moelagi amekaa pembeni na kikombe chake cha kakao. Tukafika kwenye swali la kama umewahi kutiwa hatiani.

"Andika ndiyo, dada," ulisema.

"Ndiyo ya nini?" baba mkubwa akadakia. "Jambo lile liliondoka siku mkeka ulipoinuliwa. Ukiliandika leo, unamwambia Mama Fiapule kwamba msamaha wake si kitu."

"Baba mkubwa, hawa wanauliza ya mahakama. Ya mkeka hawayajui."

"Wewe nyamaza, Pati," nikasema. "Mwalimu hapa nani?"

Ukacheka, ukanisogezea fomu. Kwetu kaka hambishii dada yake, na nilipokunyamazisha nilijua fika kwamba hutanibishia. Nikaandika Hapana, kwa ule mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Wewe ukatia sahihi.

Brisbane hukuona hata ulingo. Walikushika uwanja wa ndege, wakaifungua kesi ile kwenye kompyuta yao, wakakurudisha kesho yake, glavu zikiwa mkobani. Ukapigwa marufuku miaka mitatu. Kocha alipouliza, afisa akamwambia kwamba kosa la zamani la namna ile lingeweza kuzungumzika. Uongo ndio hauzungumziki. Jamani, Pati! Neno moja la ndiyo, ulilolitaka mwenyewe.

Uliposhuka ndegeni waandishi walikuwa wanakungoja. Mmoja akauliza, "Fomu aliijaza nani?" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako na shada la maua mkononi. Hukunitazama.

"Mimi," ukasema. "Nimeandika kwa mkono wangu."

Nami nikanyamaza. Garini nikakuuliza kwa nini, ukanijibu kama mtu anayesimulia mambo ya sokoni: "Wewe unafundisha watoto, dada. Mimi kupigwa usoni nimeshazoea." Nililia njia nzima, na kufika nyumbani bado sikumwambia mtu.

Baada ya hapo hakuna mwandaaji wa mapambano makubwa aliyetaka kukusikia. Mwongo, walisema. Ukaanza kupigana kwenye kumbi ndogo ndogo, ambako daktari hayupo na mwamuzi ni shemeji wa mtu. Kocha alikukataza, ukamwambia mkono ukikaa bure unasahau, na marufuku ikiisha lazima uwe tayari. Ijumaa ile ulipigwa vibaya kichwani ukashinda hivyo hivyo. Jumamosi ulinicheka nilipokuambia uende hospitali. Jumapili ukajilaza barazani. Daktari alisema damu ilivujia kichwani.

Mazishini Mama Fiapule alikuja na Ropati, wamebeba mkeka. Ni ule ule wa bibi, uliobaki kwao tangu siku ya msamaha. Wakautandaza juu yako polepole, Ropati akikunja pembe zake kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha mama yule akatugeukia sote. "Sisi tulimaliza siku ile ile," akasema. "Ni nani aliyemfunika tena huyu mtoto kwa aibu ile?"

Baba mkubwa akatazama chini. Mimi nikatazama maua.

Marufuku yako inaisha mwezi huu, Pati. Nimeiona tarehe kwenye kalenda ya darasani kila siku, mpaka juzi nikaigeuza ukutani, watoto wakanishangaa. Baba mkubwa hataki tangazo hili litoke, anasema namwaibisha marehemu. La, baba mkubwa. Marehemu ameaibishwa vya kutosha, sasa ni zamu ya waliobaki.

Mama Fiapule, uliuliza. Ni mimi. Pati alitaka kusema kweli, nikamziba mdomo, na uongo ukawa wangu tangu mwanzo.

Mama yetu nilimwambia Jumatatu. Alikuwa anapembea kwenye kiti chake, akaacha kupembea. Hajasema nami neno tangu siku hiyo, na sina ujasiri wa kumuuliza. Asubuhi ya leo, mnaposoma haya, nimeketi mbele ya mlango wake na mkeka wangu wa harusi kichwani. Nimekuja kabla jua halijachomoza. Sijui atatoka saa ngapi. Sijui kama atatoka.

Unakumbukwa na mama yako Siniva. Baba mkubwa Moelagi. Kocha Viliamu, ambaye bado anakuita mjinga na bado analia. Ropati na mama yake Fiapule, walioomba wenyewe majina yao yawe hapa. Na mimi, dada yako Losivale, niliyeandika Hapana.

Hatutakusahau, Pati, hata siku moja.